MATEMBEZI KATIKA MAGOFU YA MAFIA: MSIKITI ULIOBOMOKA NI WA NANI?

  

Kijana mmoja wa hapa kwetu Nyamwage, ambaye hufanya kazi Dar es Salaam, alinijia baada ya swala ya Alasiri akiwa na suali. Alikuwa amepata likizo, na alitaka kumchukua mkewe na watoto wake wawili kwenda Mafia kutembea. Hakuwa na jamaa huko, wala biashara, wala mgonjwa wa kumzuru. Alitaka kuona bahari, kuyaona magofu ya Kua, na kupumzika mahali pasipo na kelele za magari. Akaniuliza: "Sheikh, safari yangu mimi ni ya kutazama tu. Je, nina ruhusa ya kupunguza swala?"

Nilimjibu siku ile kwa kadiri nilivyojua, kisha usiku nikafungua vitabu nihakikishe. Na nilipokuwa nikisoma nikaikumbuka safari yangu mwenyewe ya Kua, miaka ishirini na zaidi iliyopita, na jambo nililolifanya kule ambalo mpaka leo naliombea maghfira. Makala hii basi inahusu mambo mawili: hukumu ya mwenye kwenda kutazama, na hukumu ya kile anachokitazama. La pili ndilo zito, nalo halikuishia Mafia. Lilinifuata mpaka shambani kwetu.

JE, KUTAZAMA NI KUSUDIO SAHIHI?

Ndugu msomaji, Qur'ani tukufu haikuwakataza watu kutembea na kutazama. Bali imewaamrisha. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, waja wanaambiwa watembee katika ardhi waangalie namna Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Na katika Suratul Hajj, aya ya 46, wanalaumiwa wale ambao hawakutembea wakapata nyoyo za kufahamia na masikio ya kusikilizia. Kwa hiyo asili ya matembezi ni jambo jema, maadamu jicho linapeleka habari moyoni.

Lakini rukhsa ya kupunguza swala ina masharti yake. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo tuliyoyakuta kwa wazee wetu wa pwani, msafiri hupunguza akiwa safari yake imefika marhala mbili, ambazo wanazuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa kilomita 81 hivi, na wengine wakazidisha. Tena safari isiwe ya maasi, na iwe na kusudio sahihi. Hapa ndipo suali la yule kijana linapoingia. Imenukuliwa kutoka kwa Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, mzazi wa Imamul Haramayn, kwamba kusafiri kwa ajili ya kuona miji na kuiangalia tu si katika makusudio yanayohalalisha rukhsa, na wanazuoni wa madhehebu wakaichukua kauli hiyo. Hoja ni kwamba rukhsa imewekwa kwa ajili ya mwenye haja, na mwenye kuzunguka bila ya haja anajichosha bure.

Hata hivyo, wanazuoni hao hao wamepambanua. Wamesema kwamba kujiburudisha, yaani mtu kuondoa uchovu na dhiki ya nafsi, ni kusudio sahihi. Basi anayekwenda kisiwani apumzike na watu wake ana haja inayojulikana. Kadhalika anayekwenda ili apate mazingatio, ajifunze habari za waliotangulia, au azuru makaburi na kuwaombea waliomo. Anayebaki katika shaka ni yule ambaye ukimuuliza, "Umefuata nini?" hana jibu isipokuwa apate kusema kuwa naye amefika.

Nikamwambia yule kijana: "Ukinuia mapumziko na mazingatio, punguza swala zako njiani. Lakini ukinuia kukaa Kilindoni siku nne kamili, ukiacha siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi kwa madhehebu yetu swali kamili tangu unapofika." Akaridhika, akaenda zake.

BAHARI NA KABURI LA UMMU HARAM

Huenda mtu akasema kwamba kwenda kisiwani kutembea ni desturi ya watu wa Ulaya, ambao kila wapatapo likizo hukimbilia visiwa vya bahari ya Mediterania kuota jua. Sikatai kwamba mambo mengi ya haramu hufanyika katika fukwe hizo. Lakini visiwa si vyao peke yao. Historia ya Uislamu baharini ilianzia katika mojawapo ya visiwa hivyo.

Imepokewa katika Sahihi mbili, kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alilala mchana nyumbani kwa Ummu Haram bint Milhan, mama mdogo wa Anas, akaamka hali ya kuwa anacheka. Alipoulizwa, akaeleza kwamba ameonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao. Ummu Haram akamuomba amwombee awe miongoni mwao, naye akamwombea. Miaka ikapita. Sayyidna Umar (r.a.) alimkatalia Muawiya kuwapakia Waislamu vyomboni kwa kuihofia bahari. Ukhalifa ulipofika kwa Sayyidna Uthman (r.a.), akatoa idhini kwa sharti kwamba asilazimishwe mtu, bali aende mwenye kutaka. Mwaka wa 28 Hijria (649) majeshi yakavuka kwenda Kupro, na Ummu Haram akiwemo pamoja na mumewe, Ubada bin Samit. Baada ya kushuka chomboni alianguka kutoka juu ya mnyama wake, akafariki, akazikwa huko. Wanazuoni wengi wameifanya hadithi hii kuwa ni dalili ya kujuzu kupanda bahari kwa wanaume na wanawake.

Kaburi linalonasibishwa naye lipo mpaka leo karibu na mji wa Larnaca, kando ya ziwa la chumvi, na zama za Waothmania pakajengwa msikiti wenye kuba na mnara. Wageni waliokwenda kuogelea hupita hapo, wakapiga picha ya kuba na ya ndege wa ziwani, wakaondoka. Na Muislamu anayeijua hadithi hupita hapo hapo akatoa salamu kwa sahaba wa kike ambaye Mtume (s.a.w.) alimbashiria safari ile kabla haijakuwa. Wote wawili wamefika kisiwa kimoja. Kilichowatenganisha ni kile ambacho kila mmoja alikijua kabla hajafika.

Na sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tunavyo visiwa vyetu ambavyo tunapita juu yake bila ya kujua.

PWANI MBILI ZINAZOTAZAMANA

Kutoka Nyamwage, mwenye kwenda Mafia hushika barabara ya Kilwa kuelekea kaskazini, akavuka mto Rufiji katika daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, akapita Ikwiriri na Kibiti mpaka Bungu. Hapo hukunja kuelekea baharini hadi Nyamisati, akapanda chombo. Nyuma yake hubaki delta na mikoko yake, na mbele yake ni Kilindoni. Wakati wa safari yangu hapakuwa na meli. Tulipanda jahazi, tukangoja upepo na maji.

Watu wa sehemu hizi mbili wamekuwa wakitazamana tangu zamani sana. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za kioo kutoka dola ya Rumi ambazo ziligunduliwa huku Rufiji, na katika kisiwa cha Juani pia alichimba katika mapango na kukuta athari za watu wa kale. Kwa hiyo bidhaa za bahari ile ya Mediterania zilifika kwetu kabla ya Uislamu kudhihiri Makka. Mwenye kudhani kwamba Rufiji ilikuwa pori lisilo na habari za dunia, na aache kudhani.

Uislamu ulipofika, Mafia ikawa sehemu ya habari za Kilwa. Tarehe ya Kilwa inasimulia kwamba masharifu na masultani wa Kishirazi waliotawala Kilwa waliiweka Mafia chini ya mtoto wao. Na sarafu za Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake linatajwa miongoni mwa watawala wa mwanzo wa Kilwa, zimepatikana kwa wingi huko Mafia. Mji wake mkongwe ni Kisimani, katika rasi ya magharibi inayoelekea delta yetu. Sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kuliwa na bahari. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, akaandika kwamba watu wake ni wa dini na wema, na madhehebu yao ni ya Shafii. Ibn Battuta naye alikuwa mtembezi, lakini alitoka kwao Tangier kwa nia ya Hija, na njiani akawa anauliza habari za maulamaa na misikiti ya kila mji. Ndiyo maana kutembea kwake kumetufaa sisi.

Baada ya Kisimani, mji uliostawi zaidi ukawa Kua, katika kisiwa cha Juani. Karne ya 18 ulikuwa mji wa nyumba za mawe na chokaa, jumba la mtawala lenye ghorofa, makaburi yaliyojengewa na misikiti kadhaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 ukavamiwa na Wasakalava waliovuka kwa mitumbwi kutoka Madagaska. Wengine waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, na mji haukuinuka tena. Makao ya utawala yakahamia kisiwa cha jirani cha Chole chini ya masultani wa Zanzibar, ambako palijengwa majumba na minazi ikapandwa kwa mikono ya watumwa waliotolewa bara. Wajerumani waliichukua Mafia mwaka 1890, na mwaka 1913 wakahamishia ofisi Kilindoni. Mwaka 1915 ikatwaliwa na Waingereza, na kutoka huko ndege zao zikaja kuitafuta manowari ya Königsberg iliyojificha katika delta yetu, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai mwaka huo.

Wanaowatembeza wageni pale Kua hupenda kusimulia kisa kingine. Husema kwamba mji wa Kua na mji wa Kisimani ulikuwa na uadui. Mji mmoja uliposhusha jahazi jipya, ukawalaza watoto wa mji wa pili njiani, jahazi likapita juu yao. Waliofiwa wakanyamaza miaka mingi, kisha wakawaalika wenzao harusini katika chumba cha chini ya ardhi, wakawazibia mlango wakiwa ndani. Wasimulizi humaliza kwa kusema kwamba maangamizi ya Kua yalikuwa malipo ya dhulma hiyo.

Hapa pana jambo la kutahadhari. Mtume (s.a.w.) alipopita makaazi ya Thamud njiani kwenda Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, aliwakataza masahaba wasiingie humo ila hali ya kulia, naye akaufunika uso wake na kuharakisha mwendo. Lakini hao ni watu ambao Qur'ani imetaja adhabu yao. Watu wa Kua walikuwa Waislamu, wakiadhini na kuswali, na hatuna wahyi unaosema kwamba waliadhibiwa. Mji kuvamiwa si dalili ya laana, kwani Baghdad ilivamiwa na maulamaa wake wakachinjwa. Kisa cha harusi ni hekaya. Hekaya inaweza kumfundisha mtu kuogopa dhulma, lakini haiwezi kuwa hukumu juu ya maiti.

KOSA LANGU KULE KUA

Tulikuwa watu watano, mimi nikiwa mkubwa wao kwa elimu, nimetoka kusomea lugha ya Kiarabu na nikijiona mjuzi. Mwenye mashua aliyetupeleka kutoka Chole alikuwa mzee wa Juani. Tulifika maji yakiwa yamejaa, tukapita katikati ya mikoko, tukapanda tope mpaka magofuni. Jua lilikuwa kali. Tukatafuta kivuli, tukakipata chini ya ukuta mkubwa ulioshikwa na mizizi ya miti. Tukakaa, tukafungua mihogo na samaki wa kukaanga, tukala na kucheka. Miba tukaitupa pale pale. Mwenzetu mmoja akaenda haja ndogo nyuma ya kifusi, hatua chache tu kutoka tulipokaa.

Yule mzee hakuja kula nasi. Nilimwona amerudi majini, akaosha tope miguuni, akatawadha. Kisha akaja taratibu, akatanguliza mguu wa kulia kuvuka mstari wa mawe ambao sisi tuliuruka bila ya kuuona, akasimama mahali penye majani makavu, akaswali rakaa mbili. Nikatazama alikoelekea. Mbele yake, katika ule ukuta tulioegemea, palikuwa na mihrabu. Nilikuwa nimeipa mgongo.

Hakutusema. Alipotoa salamu alianza kuokota miba mmoja mmoja, akaifunga katika jani. Nikainuka nikamsaidia, na sikuwa na neno la kusema.

Sisemi kwamba kula msikitini ni haramu. Katika madhehebu yetu inajuzu, maadamu hapachafuliwi. Lakini kuchafua na kukojoa ndani ya mipaka yake ni haramu bila ya shaka. Na kosa lililotangulia yote hayo ni kwamba sisi tuliona gofu, na mzee aliona msikiti.

MSIKITI UKIBOMOKA, HUKUMU YAKE HAIBOMOKI

Wanazuoni wamelizungumza jambo hili katika mlango wa wakfu. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba msikiti ukianguka na ikashindikana kuujenga upya, hauuzwi kwa hali yoyote. Washereheshaji wakataja sababu: ardhi yake bado inaswalika. Hakuna paa, lakini pana kibla na pa kusujudia. Wakfu ulikuwa wa mahali, na mahali hapakwenda popote. Ama mawe na mbao zilizoanguka, zikihofiwa kupotea huhifadhiwa, au kadhi akiona maslaha hujengewa msikiti mwingine, na ulio karibu ndio bora.

Madhehebu mengine yana kauli zao, nasi tuzitaje kwa insafu. Katika Hanafi, Imam Abu Yusuf anasema hubaki msikiti daima, na Imam Muhammad bin al-Hasan anasema watu wakiachana nao hurejea kwa aliyeuweka wakfu au warithi wake. Hanbali wameruhusu kuuza na thamani kupelekwa katika msikiti mwingine iwapo manufaa yake yamekatika kabisa. Lakini angalia: hata mwenye kuruhusu kuuza hakuruhusu thamani iliwe. Na watu wa Kua walikuwa Shafii kama sisi, na wakfu wao tunauelewa kwa fiqhi waliyoifuata.

Matokeo yake ni makubwa kuliko tunavyofikiri. Katika misikiti ya Kua, na ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ambayo tangu mwaka 1981 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mwenye janaba haruhusiwi kukaa. Anayeingia na udhu anasuniwa rakaa mbili za kuamkia msikiti. Jiwe lake halichukuliwi kwenda kujengea nyumba, kwa sheria ya dini na kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 vile vile. Ama mgeni asiyekuwa Muislamu, Shafii hawamkatazi kuingia msikiti usiokuwa wa Haram kwa idhini ya Muislamu. Basi tusiwafukuze wageni. Tuwaambie ni mahali gani wameingia. Wengi wao wana adabu wakiambiwa, na tatizo ni kwamba sisi wenyewe hatukuwaambia.

KUA ZETU ZA BONDENI

Nilirudi Nyamwage nikidhani nimejifunza. Kumbe somo lilikuwa bado.

Wazazi wangu walizaliwa bondeni, ukingoni mwa mto. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na watu wa bondeni wakahamishiwa sehemu za juu katika vijiji vipya. Mimi nilizaliwa baada ya kuhama. Watu walibeba milango, masufuria na mbegu. Msikiti haukubebeka. Ulikuwa wa udongo na miti, umeezekwa makuti, na katika misimu michache tu ukayeyuka. Lakini watu hawakuliacha bonde. Kila mwaka hurudi kulima mpunga, wakalala katika madungu wakilinda ndege na nguruwe mpaka mavuno.

Mdogo wangu hulima huko. Msimu mmoja nilikwenda kumsaidia kuvuna, nikapumzika chini ya mwembe mkubwa wa zamani. Nikamuuliza mwembe huo ni wa nani. Akajibu: "Kaka, huu ndio ule ambao marehemu baba alikuwa akisema waliufunga baragumu la Idi. Msikiti ulikuwa hapo mbele." Akanyoosha kidole. Pale aliponyooshea palikuwa na mpunga umeiva, mzuri kuliko sehemu nyingine zote.

Nikamweleza habari ya mihrabu ya Kua. Akanisikiliza, kisha akasema kwa utaratibu: "Wewe ulikula mhogo msikitini siku moja. Mimi nimekula mpunga wa msikiti miaka kumi na minane. Sasa nifanyeje?"

Suali lake lilinielemea kuliko la yule kijana, kwa sababu shamba ndilo riziki ya watoto wake. Sikumjibu siku ile. Nilikwenda kwa wazee waliobaki, nikawauliza mmoja mmoja. Nilitaka kujua kama palikuwa msikiti kweli au mahali pa kuswalia tu. Tofauti ni kubwa, kwa sababu chumba au baraza ambayo mtu ameitenga nyumbani kwake kwa swala haiwi msikiti mpaka aiweke wakfu, na ardhi isiyokuwa na mwenyewe huwa msikiti kwa kujengwa kwa nia hiyo. Wote wakasema neno moja: paliswaliwa Ijumaa. Na Nawawi amesahihisha kwamba wakfu huthibiti kwa habari iliyoenea baina ya watu. Basi palithibiti.

Fiqhi inasema kwamba mwenye kuushughulisha msikiti kwa vitu vyake hulazimika kulipa ujira wa mfano wake, ukatumika katika maslaha ya msikiti. Mdogo wangu hakuwa amejua, na asiyejua hana dhambi, lakini haki ya wakfu haianguki kwa kutojua. Tukapima eneo kwa hatua, kutoka kwenye mwembe mpaka pale wazee walipotaja kibla. Tukauliza ujira wa kukodi bondeni kwa msimu, tukahesabu, tukakuta ni fedha ambayo hawezi kuilipa kwa mara moja. Tukakubaliana tuigawane, mimi na yeye, kila mavuno kiasi, iingie katika msikiti wa jirani. Na eneo lenyewe akaliacha. Tulipanda michongoma kando yake iwe mpaka.

Mkewe alinuna, na sikumlaumu. Sehemu ile ndiyo ilikuwa ikitoa mpunga wa kuuza kwa ajili ya ada za shule. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipofunika bonde, michongoma mingine ilikwenda na maji, tukapanda tena. Deni bado hatujalimaliza.

Ndugu Waislamu wa Rufiji na Kibiti, misikiti mingapi iko chini ya mpunga na ufuta wetu? Kua ina mawe, ndiyo maana watu huvuka bahari kwenda kuitazama. Misikiti ya babu zetu ilikuwa ya udongo, haikuacha hata nguzo, na hakuna atakayevuka bahari kuja kupiga picha mwembe. Lakini hukumu haikushikamana na jiwe wala chokaa. Imeshikamana na ardhi na na nia ya aliyesema, "Hapa pawe pa Mwenyezi Mungu." Wazee wanaokumbuka mipaka hiyo wanapungua kila mwaka. Akifa wa mwisho wao, habari iliyoenea itakuwa imekatika, na wakfu utapotea bila ya mtu kuuiba.

ADABU ZA MWENYE KUZURU

Kwa mwenye kutaka kwenda Mafia, Kilwa, au bondeni kwao, nausia haya:

1. Aanze kwa nia. Aseme moyoni mwake anafuata nini, mapumziko au mazingatio, ili safari yake isiwe ya kujichosha.

2. Aulize kabla ya kukanyaga: hapa palikuwa nini? Akiambiwa ni msikiti, aingie na udhu kwa mguu wa kulia, aswali rakaa mbili, na asiache uchafu.

3. Afikapo makaburini atoe salamu kwa waliomo na awaombee. Asikae juu ya kaburi wala asilikanyage, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekemea vikali kukalia makaburi. Na wala asiwaombe wafu badala ya kuwaombea.

4. Asichukue kigae, sarafu wala jiwe kuwa kumbukumbu.

5. Asihukumu watu wa kale kwa hekaya. Wala asisifu majengo yao akawasahau watumwa na mafundi walioyabeba mawe yale.

6. Akirudi nyumbani, aulize wazee wake msikiti wa kwanza wa kijiji chao ulikuwa wapi, aandike jibu, na alipeleke kwa imamu.

Yule kijana alirudi kutoka Mafia baada ya siku tatu. Nikamuuliza ameona nini. Akasema wameona popo wakubwa wa Chole wakining'inia mitini, na watoto wamefurahi sana. Kisha akasema: "Sheikh, Kua tuliswali rakaa mbili. Mtoto wangu akauliza kwa nini tunaswali porini." Nikamuuliza alimjibu nini. Akasema: "Nilimwambia si porini."

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga misikiti hiyo, ya mawe na ya udongo, atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na atuwezeshe kulipa haki zilizo juu yetu kabla ya siku ambayo deni halilipwi kwa mpunga wala fedha. Wallahu a'lam.